UZI: Mtoto yuko P5 (darasa la tano) na hasomi. Shule ya UPE ianzie wapi muhula ujao?

Chaki ya Mpakani (Busia)

Wakuu, hamjambo. Nafungua uzi huu kuhusu shule zetu za UPE hapa Uganda, yaani za elimu ya msingi kwa wote bila karo, kabla shule hazijafunguliwa ili mwenye darasa aje na kalamu.

Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza P7, yakitoka, macho yote huenda kwa waliopata jumla ya 4, ambayo ndiyo ya juu kabisa, mtoto kabebwa juujuu na kamera zimemzunguka. Ugonjwa wa shule nyingi za UPE hauko huko. Uko P4 na P5, kwa mtoto anayenakili ubaoni kwa mwandiko mzuri, daftari limejaa tiki nyekundu, lakini ukimwandikia neno ambalo halikuwa ubaoni anakutazama tu. Tangu UPE ianze 1997 milango iko wazi na mtoto anapanda darasa kila mwaka, ajue asijue. Kisha shule zikafungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, na waliporudi wakaingizwa darasa la mbele. Mwalimu wa P5 ana silabasi ya kumaliza. Anafundisha mmeng'enyo wa chakula kwa Kiingereza mbele ya watoto wasiojua kuunganisha silabi.

Ninachopendekeza: saa moja kila siku, P3 hadi P6 madarasa yanavunjwa, kila mtoto anakwenda kwenye kundi la kiwango chake cha kusoma. Njia hii ilikuzwa India na shirika la Pratham na imeshafika kwetu. Saa ikiisha kila mtu anarudi darasani kwake.

Kazi inaanza na kupima. Andaa karatasi yenye herufi 10, maneno mafupi 10, aya ya sentensi 4, na hadithi ya sentensi 8 hadi 10. Mtoto mmoja mmoja, chini ya mwembe, mbali na masikio ya wenzake. Anza na aya. Akiisoma bila kudonoadonoa, mpe hadithi. Ikimshinda, shuka kwenye maneno: achague 5, akipata 4 yuko kiwango cha neno. Yakimshinda nayo, herufi, kanuni ile ile. Asipopata hata herufi 4, andika "mwanzo". Weka dakika 4 kwa mtoto: watoto 90 ni saa 6, yaani walimu wawili asubuhi moja.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanapima kwa aya ya kitabu cha darasa, ambayo watoto wameiimba hadi wameikariri. Mtoto anateleza nayo kama maji, mwalimu anafurahi. Funika sentensi kwa kidole, acha neno moja tu la katikati, umuulize ni neno gani. Au msomeshe maneno ya mstari kutoka mwisho kurudi mwanzo. Aliyekariri anajulikana hapo hapo.

Baada ya hapo makundi matatu yanatosha: mwanzo pamoja na herufi, neno, halafu aya pamoja na hadithi. Kundi la kwanza linafanya kazi ya silabi kwa kadi: ba be bi bo bu, kila mtoto anashika, anapanga, anasema, anaiandika chini kwa chaki. Kundi la neno linaunda sentensi. La juu linasoma, linasimulia kwa maneno yake, linaandika mwisho mwingine wa hadithi. Pima tena siku ya 20 na siku ya 40. Aliyevuka anahama siku hiyo hiyo, asisubiri muhula uishe.

Karatasi moja ya manila, kama sentimita 50 kwa 63, inatoa kadi 56 za sentimita 6 kwa 8. Konsonanti 14 kwa irabu 5 ni kadi 70, hiyo ndiyo seti moja ya watoto 8. Watoto 40 wanataka seti 5, kadi 350, manila 7. Haihitaji mfadhili.

---

Mzee wa Zamu (Mbale)

Mwalimu Chaki, njia ni nzuri, lakini inafia kwenye ratiba, si kwenye kadi.

Kwanza, nani anapewa kundi la herufi? Katika shule nyingi mwalimu hodari amefungiwa P7, maana huko ndiko jina la shule liliko. Kundi la chini linaangukia kwa mgeni wa mafunzo ya vitendo. Lifanyeni kinyume: kundi la mwanzo liwe dogo kuliko yote na lipate mkono mzuri kuliko yote. Kumfundisha asiyejua kitu ni kazi ngumu kuliko kumnoa anayesoma tayari.

Pili, msiiweke saa hiyo mwisho wa siku. Saa tisa mchana mtoto ana njaa na wa mbali ameshaanza kuangalia njia. Iwekeni mara tu baada ya mapumziko ya asubuhi, kengele ipigwe kwa shule nzima, na mwalimu mkuu mwenyewe aingie kundi mojawapo. Asipoingia, wiki ya tatu mtihani wa majaribio wa P7 utaimeza saa hiyo na hakuna atakayeuliza.

Tatu, majina. Mkiita "kundi la mwanzo", kufika Ijumaa watoto wameshalibadilisha kuwa kundi la wajinga, na mvulana wa miaka 13 hatarudi. Pangeni kwa majina ya mito: Manafwa, Mpologoma, Kagera. Na msiyapange kwa ukubwa wa mto, watoto wana akili.

Kuna na mvua. Bati likipigwa na mvua ya mlima Elgon hakuna sauti inayosikika. Kila kundi liwe na kazi ya kuandika iliyotayarishwa kwa siku hiyo, la sivyo siku ya mvua ni siku ya kusinzia.

---

Lira Kwetu

Nakubaliana na mzee, ila mmeliruka jambo kubwa: lugha gani?

Tangu 2007 mtaala wa P1 hadi P3 unafundishwa kwa lugha ya eneo, P4 ni mwaka wa kuvuka, halafu Kiingereza mpaka PLE. Kwa maandishi ni sawa kabisa. Kwa vitendo, wazazi wanataka Kiingereza tangu siku ya kwanza kwa sababu shule ya kulipia ya jirani inafanya hivyo, na mwalimu aliyepangwa huku hajui lugha ya huku.

Chukueni mfano wa Lango, maana huko mambo yalipimwa. Kulikuwa na mpango wa kufundisha kusoma kwa Leblango, lugha ya huko, na mwaka 2014 ukajaribiwa katika shule 38. Shule nyingine zilipata mpango kamili: walimu wakafundishwa na wenye mpango wenyewe, wakatembelewa mara nyingi, madarasa yakapewa vibao vya kuandikia na saa ya ukutani. Shule nyingine zikapata wa bei nafuu: mafunzo yakapitia mikono ya wakufunzi wa serikali, ziara chache, vibao na saa hakuna. Wa mpango kamili walipanda sana kusoma na kuandika. Wa bei nafuu walijua kutaja herufi, lakini kusoma kulipanda kidogo tu, na sehemu za kuandika zikawa mbaya kuliko shule ambazo hazikupata chochote!

Yaani mpango ule ule, vitabu vile vile. Ukikata ziara na vibao, unabaki na watoto wanaoimba herufi. Wizara na wafadhili wakisema "tutaueneza nchi nzima kwa gharama ndogo", ulizeni kwanza ni nini kilichokatwa.

Kwa hiyo Mwalimu Chaki, kadi zako 350 hazitoshi peke yake. Nani atakaa nyuma ya darasa kila wiki mbili, amtazame mwalimu akifundisha, halafu waongee dakika 20? Huyo ndiye wa kutafutwa. Anaweza kuwa naibu mwalimu mkuu, mradi asije na fomu ya kutafuta makosa.

---

Mwalimu wa Kyangwali

Hilo la lugha kwetu lina sura nyingine. Kwenye makazi ya wakimbizi huku, pia Nakivale na Kyaka, watoto wengi wametoka Kongo. Wanaongea Kiswahili, shule walisoma kwa Kifaransa. Anakuja mvulana wa miaka 14 aliyefika darasa la 6 kwao, anapewa jaribio la Kiingereza, anashindwa, anaketishwa P2 na watoto wa miaka 7. Magoti hayaingii chini ya dawati. Miezi miwili, ameacha.

Mpimeni mara mbili: kwa Kiswahili kwanza, kwa Kiingereza baadaye, karatasi mbili za kiwango kimoja. Akisoma hadithi ya Kiswahili na kukwama kwenye maneno ya Kiingereza, huyo anajua kusoma. Anachokosa ni msamiati, na dawa yake ni kozi ya Kiingereza ya miezi kadhaa kisha darasa la umri wake. Akikwama kwenye zote mbili, ndipo anahitaji kadi za silabi. Ni wagonjwa wawili tofauti na wengi wanawapa kidonge kimoja.

Kwa waliopitwa sana na umri kuna mpango wa elimu ya haraka: ngazi 3 kwa miaka 3, ya kwanza inabeba P1 hadi P3, ya pili P4 na P5, ya tatu P6 na P7. Mtoto anafanya PLE kama wengine. Kinachouua ni mahudhurio. Msichana wa miaka 16 mwenye mtoto mgongoni anahitaji vipindi vya asubuhi tu na mahali pa kumlaza mtoto, hata mkeka chini ya mti na mama mmoja wa kuwaangalia. Bila hivyo jina linabaki kwenye rejesta na yeye yuko shambani.

Na niseme wazi: Kiswahili kiwe lugha ya kuanzia kusoma nchi nzima. Silabi zake zimenyooka, herufi haibadiliki sauti. Katiba inakitambua tangu 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari.

---

Lira Kwetu

Ndugu yangu wa Kyangwali, hapo mwisho umeteleza. Kwa mtoto wa Apac au Amuria Kiswahili ni lugha ya kigeni sawasawa na Kiingereza. Hawezi kubashiri neno ambalo hajawahi kulisikia nyumbani. Kianzeni kwa sauti tu, nyimbo na maongezi P1 hadi P3, kusoma kwake kuje baadaye. Kwa Busia, Kyangwali na kwenye kambi za jeshi, sawa, anzeni nacho. Halafu walimu wako wapi? Azimio la mawaziri halisimami mbele ya darasa. Kuna shule Kiswahili cha S1 (kidato cha kwanza) kinafundishwa na mtu aliyekijulia kituo cha mabasi.

---

Mama Debe (Kamuli)

Banange, mnaongea silabi na mtoto hajala tangu jana jioni.

Sheria ya Elimu ya 2008 inasema chakula ni jukumu la mzazi, na shule ya UPE hairuhusiwi kumtoza karo wala kumfukuza mtoto. Mchango wa hiari unaruhusiwa. Basi wengi wanaitisha pesa, pesa haziji, uji unakufa wiki ya nne. Itisheni mahindi.

Uji unataka gramu 60 za unga kwa mtoto kwa siku. Watoto 400 ni kilo 24. Muhula una siku kama 60 za masomo, kwa hiyo mtoto mmoja anakula kilo 3.6 za unga. Mkisaga dona, mahindi na unga karibu ni sawa kwa uzito. Mkisaga unga mweupe wa kukoboa, zaidi ya theluthi inaondoka kama pumba, na pumba hiyo anakula nguruwe wa mwenye mashine. Sagisheni dona, lakini kwa wiki mbili mbili, kwa sababu kiini kina mafuta na unga ukikaa unachacha. Kila mzazi alete kilo 5. Ile ziada ya kilo moja na kitu inalipa kusaga, inamlipa mpishi, inafunika wasio na kitu. Debe moja la kilo 18 ni watoto watatu na bakaa.

Wakati ndio siri. Huku kwetu mavuno ya kwanza ni Juni na Julai, ya pili Novemba hadi Januari. Muhula wa pili unafunguliwa ghala zikiwa tupu, ukiitisha Juni mwanzoni unaitisha njaa. Pokeeni kilo 10 Februari, za mihula miwili kwa pamoja, na 5 Septemba. Karamoja, wenye mavuno mara moja, hesabu hii haiwafai.

Sasa hatari: mahindi yaliyokusanywa kwa wazazi 300 yamekauka kwa viwango 300. Gunia moja bichi linaozesha mengine, na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kupika. Mlangoni wekeni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tieni mahindi robo yake na vijiko vitatu vya chai vya chumvi kavu, tikiseni dakika moja, subirini dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji kupita asilimia 15: mzazi ayarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Yaliyofaulu jaribio yakae juu ya mbao, nusu mita kutoka ukutani.

Na mpokeaji asiwe mwalimu. Mama wawili wa kamati, daftari moja, mizani moja, na jina la kila aliyeleta lisomwe kwenye mkutano wa LC1, baraza la kijiji. Aibu inafanya kazi kuliko barua.

---

Ankara

Mama Debe kanifungulia mlango. Miaka ya 1991 hadi 1995 ruzuku za shule za msingi zilifuatiliwa kutoka hazina hadi shuleni, ikaonekana kwa wastani ni asilimia 13 tu iliyofika. Nyingine ziliishia wilayani. Serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikaamriwa kubandika walichopokea. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya pesa ilikuwa inafika.

Leo pesa zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na ubao umegeuka pambo. Utaukuta ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, karatasi ya miaka miwili nyuma. Utoeni nje, ukuta unaoelekea njia, maandishi ya kusomeka hatua tano. Tarehe pesa zilipoingia, kiasi, idadi ya watoto iliyotumika kukokotoa, zilitumikaje, zimebaki ngapi. Kwa mfano, ruzuku ikiwa shilingi 20,000 kwa mtoto kwa mwaka, shule ya 600 inatarajia milioni 12, yaani kama milioni 4 kwa muhula. Mzazi akijua hesabu hiyo, ubao ukisema milioni 2.8 atauliza.

Idadi ya watoto ndiyo mstari muhimu kuliko yote. Shule ikiandika 600 na madawati yanabeba 430, kijiji kizima kinajua kuhesabu.

---

Dogo wa Mtaala (Gulu)

Uzi ni wa msingi, lakini naomba dakika. Mtaala mpya wa S1 hadi S4 ulioanza 2020 ulifika UCE, mtihani wa kumaliza S4, mara ya kwanza 2024: asilimia 20 ya alama inatoka kwa kazi za darasani na mradi, 80 kwenye mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Wazo zuri. Lakini mwalimu wa wanafunzi 90 akijaza alama zote wiki ya mwisho, zinafanana kama mayai. Na mradi unanunuliwa. Muulize mwenye duka la fotokopi karibu na shule yoyote, anao tayari, na sabuni ya maji kwenye chupa juu.

Mradi ufanyike shuleni, malighafi ya mtaani, na mwalimu atie sahihi mara tatu: wazo, jaribio, matokeo. Kwa mfano makaa ya vumbi: wanafunzi wachanganye vumbi la mkaa na uji wa muhogo kwa vipimo vitatu tofauti, wakaushe siku zile zile, wachemshe lita moja ya maji kwa kila kipimo, waandike dakika. Kipimo kikipasuka, waeleze kwa nini kimepasuka. Jedwali la dakika lenye wino uliochanganyika na masizi halinunuliki dukani.

---

Mzee wa Zamu (Mbale)

Dogo, miradi hiyo inamtaka mtoto anayejua kusoma. Turudi P5.

Mwalimu Chaki, na hesabu je? Mtoto asiyesoma mara nyingi hajui pia kutoa kwa kukopa.

---

Chaki ya Mpakani (Busia)

Kweli mzee wangu. Pima hivyo hivyo: namba 1 hadi 9, 10 hadi 99, 100 hadi 999, kisha kutoa, kisha kugawanya. Vifaa ni vijiti. Vijiti 10 vifungwe kwa kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli. Ukitaka 42 toa 17, mtoto anashika mafungu 4 na vijiti 2, anaona 7 haitoki kwenye 2, anafungua fungu moja kwa mkono wake. Afungue yeye. Mwalimu akimfungulia, amejifunza mwalimu. Vijiti 100 kwa watoto wanne, viwe na urefu wa kidole, na vihesabiwe vikirudi, maana vinaliwa na jiko la uji.

Lira, umenibana kwa haki. Hapa gombololani, kwenye kata yetu, tutaomba manaibu wa shule tatu wabadilishane: kila mmoja anakwenda kutazama shule ya mwenzake Jumatano, kwa baiskeli, hakuna anayemkagua bosi wake. Mama Debe, hiyo kilo ya ziada, mama wa chupa ya chumvi naye apewe?

---

Mama Debe (Kamuli)

Apewe, ssebo. Kilo 20 kwa muhula, na ziandikwe kwenye ule ubao wa Ankara.